Mpaka Tutolewe

Batty Beirne alikuwa amesimama juu ya kiti, kofia ya njano na buluu kichwani, anaishangilia Leitrim, timu ya kaunti yetu. Watu waliokaa karibu naye walimtazama kama mtu aliyekosea msiba. Njano na buluu ni rangi za Roscommon, kaunti jirani hapa kwetu Ireland, na Batty alikuwa wa Roscommon tangu tumboni mwa mama yake. Maisha yangu yote alikuwa akituambia, mimi na baba yangu na yeyote aliyesogelea kijito kinachotenganisha shamba lake na letu, kwamba Leitrim hatujui mpira wetu wa Kiayalandi, ule wa mikono na miguu, na tungefanya la maana zaidi tukivua samaki. Siku ile ya Mei, tukicheza na Sligo, sauti yake ndiyo iliyonifikia mbele ya goli.

"Nenda! Usiniue, mwanangu! Piga!"

Nikapiga. Mpira ulipita juu ya mwamba wa goli, na hiyo kwetu ni pointi; mzee wa koti jeupe aliyesimama kando ya mlingoti akainua bendera ya pointi, na dakika mbili baadaye refa akapuliza kipyenga cha mwisho. Tulikuwa tumeshinda kwa pointi moja mechi yetu ya kwanza ya ubingwa wa jimbo la Connacht. Jambo hilo kwetu hutokea mara chache, kiasi kwamba watu hawakujua waondoke uwanjani au wabaki. Batty alishuka kwenye kiti machozi yakimtoka. Nilidhani amelewa.

Hapa niseme ukweli, maana nimefika umri wa kutojipamba. Kabla ya kuitwa vile sikuwa na nia ya kupiga. Nilitaka mpira unitoke miguuni, twende nyumbani, yaishe. Sikuhongwa na mtu yeyote, nilikuwa nimechoka tu. Nilitaka tutolewe.

Baba alipigwa na kiharusi mwezi Februari, akiwa katikati ya ng'ombe wake. Alirudi kutoka hospitali upande wa kulia umelegea na kauli imepotea, akalazwa kwenye chumba cha mbele ambapo dirisha linatazama banda la kukamulia. Mama alishafariki zamani. Mimi nilikuwa kwenye kikosi cha kutengeneza barabara za kaunti, kwa hiyo nilikuwa naamka saa kumi usiku, nakamua ng'ombe thelathini na nane, namwosha baba, nakwenda kumwaga lami, narudi, nakamua tena. Jumanne na Alhamisi jioni kulikuwa na mazoezi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na nilikuwa nasinzia nimesimama.

Siku moja ya Machi nikapiga moyo konde. Nilikaa kitandani kwa baba nikamwambia nitacheza ubingwa wa mwaka ule, uwe wa mwisho wangu, na siku tutakayotolewa nitampigia simu dalali, niliyekwisha kupatana naye, aje awachukue ng'ombe wote mnadani. Niliona natoa masharti ya huruma. Leitrim tulikuwa tukitolewa katikati ya Mei kila mwaka, tena mapema, kwa hiyo nilikuwa nawapa miezi miwili. Baba alinitazama. Kisha akapiga blanketi kwa mkono wa kushoto, mara mbili, kwa nguvu. Nikachukulia kwamba amekubali, kwa sababu ndilo nililotaka.

Batty alikuwa jikoni kwetu siku hiyo, anakunywa chai yetu na kuisema vibaya. Alisikia yote. Hakunilaumu wala hakunisifu, ila alipokuwa akivaa koti alisema jioni za mazoezi atakamua yeye. Nilimuuliza kwa nini mtu wa Roscommon amsaidie mchezaji wa Leitrim.

"Siku tutakayokutana nanyi nataka muwe wazima," alisema. "Kumpiga mgonjwa kuna raha gani?"

Basi ikawa hivyo. Yeye anavuka kijito na gambuti zake, mimi natoka na begi langu. Nikirudi nakuta maziwa yako kwenye tangi, sakafu imeoshwa, na baba yuko kitandani. Mke wa Batty, Philomena, alikaa na baba siku za mechi. Yote yalikwenda sawa, isipokuwa tabia ya Batty, ambayo ilianza kunitatiza. Baada ya ushindi wetu dhidi ya Sligo alizidi kuwa mkali. Alhamisi moja mvua ilinyesha kama imetumwa, nikasema leo siendi, nitakamua mwenyewe. Mzee yule alinijia juu.

"Ondoka hapa," alisema. "Unafikiri mpira unachezwa kitandani? Nenda."

Akalichukua begi langu, akalitupa ndani ya gari, akasimama mvuani mpaka nilipowasha.

Kulikuwa na mambo mengine. Baba alipata alama ya kuvilia damu kwenye kiwiko, nikauliza, Batty akajibu "mlango" na kutoka nje. Jioni baba alikuwa anasinzia juu ya viazi vyake kabla sijamaliza kumlisha. Nilimwona amekonda shingo. Nikaamua moyoni kwamba anakwisha, na usiku mmoja nilijifungia garini nikalia peke yangu, kisha nikaingia ndani nikamfunika blanketi kana kwamba nilikuwa nimetoka kuangalia matairi.

Nusu fainali ilitukutanisha na Roscommon, kwao, Jumapili ya pili ya Juni. Kijiji kizima kilifurahi. Walio upande wetu wa kijito walipaka milango rangi ya kijani, walio upande wa pili wakatundika bendera hadi kwenye mazizi, na matusi yakawa yanapita juu ya maji kuanzia asubuhi. Batty peke yake ndiye hakutukana. Ijumaa alinisogelea kwenye uzio, akaninong'oneza.

"Jumapili mshinde."

"Tuwashinde Roscommon? Wewe ndiye unayesema hivyo?"

Aligeuka nyuma kuangalia kama kuna anayesikia. "Sijasema hivyo. Nimesema mshinde, basi."

Huyu ni mtu ambaye hakuwa amekosa mechi ya ubingwa ya Roscommon tangu alipokuwa na miaka tisa. Mwaka aliovunjika mguu alikwenda na magongo. Kila mtu alijua mahali anaposimama katika uwanja ule, nyuma ya goli la upande wa mjini, kwenye ngazi ya tatu. Timu zilipokuwa zikiandamana nyuma ya bendi kabla ya mechi, nilitazama pale. Sikumwona. Tulipozunguka upande wa pili nikatazama tena. Palikuwa na vijana wawili wanakula viazi vya kukaanga.

Nilijua kuna jambo limetokea nyumbani. Nilicheza kipindi cha kwanza miguu ikiwa uwanjani na akili iko kwenye chumba cha mbele. Kwa bahati wenzangu walicheza kwa niaba yangu, na hadi dakika ya sitini tulikuwa tumefungana. Kisha Roscommon wakapata pointi moja. Zikabaki dakika za nyongeza, na mpira ukaja mikononi mwangu, mita thelathini kutoka golini, upepo ukiwa nyuma yangu.

Pointi moja ingetupa sare, na sare ingetupa mechi ya marudio, yaani majuma mawili zaidi. Nilidunda mpira mara moja, nikaupiga teke jepesi ukarudi mikononi, na katika hatua hizo mbili nikajiona waziwazi. Sikutaka kumpigia yule dalali. Nilitaka kuamka kesho saa kumi usiku nikiwa nimechoka vilevile na kuwakuta ng'ombe wamesimama langoni wakinisubiri. Nilitamani pointi ile kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote uwanjani. Nikapiga. Mpira uligonga mlingoti wa kulia, ukarudi ndani ya uwanja, beki wao akaudaka, na refa akapuliza.

Sikuoga, sikubadili nguo. Niliingia garini na jezi yangu na viatu vya mpira, nikaendesha kilomita arobaini bila kuwasha redio.

Chumba cha mbele kilikuwa kitupu na blanketi limekunjwa. Philomena alikuwa jikoni anamenya viazi. Alinyoosha kisu kuelekea bandani. Hapo ndipo nilipoisikia mashine ya kukamulia ikinguruma.

Batty alikuwa mlangoni mwa banda. Alinizuia kifuani kwa kiganja.

"Ngoja. Bado ng'ombe sita. Usimshtue."

Baba alikuwa amesimama. Bega lake la kulia lilikuwa limeegemea chuma kirefu kilichofungwa ukutani kwa usawa wa bega lake hasa, chuma nilichokuwa nikikiona kila asubuhi tangu Aprili nikidhani Batty amekiweka cha kutundikia ndoo. Kwa mkono wa kushoto alifuta chuchu, akashika vikombe vya mashine, akavipachika kimoja kimoja, taratibu, akisubiri kila kimoja kishike kabla ya kwenda kingine. Ng'ombe walikuwa wametulia. Ilimchukua muda ambao mimi ningemaliza safu nzima. Akajivuta hatua moja kwenye kile chuma, akahamia kwa ng'ombe mwingine.

Batty alininong'oneza yote kwa mkato. Jioni ya kwanza ya mazoezi baba alijiburuta mwenyewe hadi mlango wa nyuma, akaanguka kwenye samadi. Alipoinuliwa hakutaka kurudishwa kitandani. Alitaka bandani. Wiki ile alikamua ng'ombe mmoja, iliyofuata wawili. Alimwapisha Batty kwa kumkaba shati na kwa ishara kwamba mimi nisijue mpaka atakapowamaliza wote thelathini na nane peke yake, kwa sababu hakutaka nimwone akianguka, na alikuwa ameanguka mara nyingi.

"Nikahesabu jioni zenu za mazoezi zilizobaki," alisema Batty. "Zilikuwa hazitoshi. Mngetolewa na Sligo angekuwa amefika ng'ombe kumi na wawili tu. Ningefanyaje? Ilibidi niwashangilie nyie, Mungu anisamehe. Leo ndipo akanionyesha kwa mkono kwamba ni leo, wote. Nisingeweza kumwacha."

Baba alimaliza ng'ombe wa mwisho. Alisukuma lango kwa nyonga, wakatoka, na alipogeuka akaniona. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni. Hakushtuka. Alinitazama jezi, kisha uso, kisha akainua kidevu kuniuliza.

"Wao," nilisema. "Pointi moja. Nimegonga mlingoti, Baba."

Batty alikuwa amesubiri mechi ile mwaka mzima, wameshinda, naye hakuwepo, na sasa hakujua auweke wapi uso wake. Baba alimgeukia. Midomo yake ilihangaika kwa muda mrefu, upande mmoja ukivuta na mwingine ukigoma.

"Bahati," alisema baba. "Bahati tu."

Lilikuwa limekwaruzika lakini lilikuwa neno, lilisikika hadi nje, na lilikuwa la kuitukana Roscommon. Batty alicheka mpaka akashika ukuta. "Umemsikia?" aliniambia huku anajifuta macho kwa mkono wa koti. "Miezi minne hajasema kitu, na hilo ndilo la kwanza analonipa."

Mimi sikuweza kucheka. Nilichukua mpira wa maji nianze kuosha sakafu, nipate pa kutazama. Baba alinishika mkono kwa ule wa kushoto, mkono wenye nguvu kuliko nilivyoukumbuka, akaelekeza macho yake chini kwenye viatu vyangu vya meno, vyenye matope ya Roscommon, juu ya saruji yake.

"Viatu," alisema.

Nilikwenda ndani kuvibadili. Nilipiga simu kwanza, nikamwambia dalali asije, kisha nikavaa gambuti nikarudi bandani.