Mpaka Mfiwa Afungue Kinywa

Vumbi la jangwani limeingia tena, kaka. Limepita mlangoni, limetua juu ya shuka lililofunika kioo, limetua gotini pangu, na silipangusi. Mlango uko wazi, ndiyo desturi. Beer-sheba yote na iingie, watu na vumbi lao. Nimechoka nao wote.

Nimekaa kwenye kigoda, blauzi imechanwa kifuani kama ilivyo kwa mfiwa wa kwetu. Leo siku ya tano tangu tukuzike, na hadi asubuhi hii nilikuwa sijasema neno.

Unajua ninavyougua. Wengine huzuni huwaliza. Mimi hunifunga kinywa. Majira ya baridi yaliyopita nilikaa wiki kumi na moja bila kutoa sauti, na ni wewe uliyekuwa ukikaa ukingoni mwa kitanda, kila jioni, mpaka nikatoka. Daktari akaonya: akirudi kule tena, kumtoa itakuwa kazi. Sasa nani atakaa pale ukingoni?

"Sema, Tirza, usiweke moyoni." Ndivyo walivyoniambia maisha yangu yote, walimu, daktari, mkeo Noga. Zungumza, utapoa. Kana kwamba maneno ninayo mfukoni, ila mimi ni bahili tu. Yamenikera hayo, kaka, yamenikera mno.

Lakini matanga yetu Wayahudi yana sheria yake. Anayekuja kwa mfiwa hafungui kinywa mpaka mfiwa afungue chake. Anaingia, anakaa, ananyamaza. Basi kwa mara ya kwanza kimya changu si ugonjwa. Ni sheria, na wengine ndio wanaoitii. Wanaingia, wanakaa, wananyamaza, na wakiondoka wanasema lile moja tu la kuagia: Mungu akufariji pamoja na wafiwa wote wa Yerusalemu. Nilipumzika, sikufichi. Nilipumzika na papo hapo nikaogopa, maana pumziko hili lina siku saba, na siku ya nane nitabaki na kimya kisicho na sheria.

Na katika wote hao, Bi Fortuna wa ghorofa ya juu. Mwanamke ambaye lifti ikikwama anaipigia soga lifti. Wewe mwenyewe ukimsikia ngazini ulikuwa unazima taa, ujifanye hupo. Huyo huyo amekuja siku tano mfululizo, na bakuli lake la dengu na mayai ya kuchemsha, na hajatamka hata "a". Anaingia, anakaa, midomo inamcheza. Anaanza, anakumbuka, anameza.

Jana Noga alimnong'oneza jikoni, "Nenda ukapumzike, Bi Fortuna, huyu hatasema leo wala kesho." Akatikisa kichwa, akarudi kitini.

Leo amenishinda. Nilimtazama akimeza neno jingine, machozi yanamtiririka, hasira ikanipanda. Nani kamtuma? Kimya changu mwenyewe kimenielemea, kwa nini nibebe na chake?

"Sema basi, Bi Fortuna," nikasema. Sauti ilikwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta. "Sema, usije ukapasuka humu ndani."

Noga akaangusha kijiko. Bi Fortuna akafungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena.

"Sina la kusema, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nimekaa tu."

Siku tano, kaka. Nimevunja kimya changu kwa ajili yake, naye hana la kusema. Nilikereka, na kwa kuwa hakuna aliyeongea, ikabidi niongee mimi. Sikukusifu, usijidanganye. Nilikulalamikia. Maji ya moto uliyokuwa ukiyamaliza kila Ijumaa. Funguo zangu ulizopoteza mara tatu, na kila mara ukaniuliza mimi ziko wapi. Moyo uliokuuma mwezi mzima, ukakaa nao bila kumwambia mtu, wewe uliyeniambia mimi niseme. Nikakulalamikia mpaka Noga akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka mchana ukaisha na Bi Fortuna akasimama kwenda zake.

Nimemwambia kesho awahi. Bado sijafika hata nusu.