Majoho ya Kilima cha Sitara

Nchi ya Zimbwela ilikuwa na kilima kimoja na bonde moja, na mambo yake yote yalipanda na kushuka baina ya viwili hivyo. Kilimani, mahali palipoitwa Sitara, waliishi watukufu, watu wa sauti nyororo na majoho mazito ambayo mikono yake ilifika hadi kwenye ncha za vidole, hata katika ule mwezi wa jua kali ambao mbuzi wenyewe huhema ndimi zikiwa nje. Bondeni waliishi waliobaki, wenye kulima mtama, kurina asali, kuzaa na kuzika. Kila mwaka mtama ulipokomaa, Homa ya Punje ililiingia bonde, ikawatoa watoto vipele mfano wa punje za mtama, ikawachukua iliowataka na kuwaachia wengine upofu. Kilimani haikupanda hata siku moja. Watukufu walikuwa na maelezo ya jambo hilo, na maelezo hayo ndiyo yaliyokishikilia kiti cha enzi: damu yao, walisema, ni damu ambayo punje haziwezi kuota ndani yake.

Na kwa kuwa walikuwa na huruma nyingi, kila mwaka walifanya Sikukuu ya Kupuliza. Watu wa bonde walipanda na watoto wao, na asali, na samli, na majogoo, wakapanga foleni uwanjani. Watukufu wakainua mikono yote miwili juu, kisha wakampulizia kila mtoto utosini pumzi moja. Aliyeleta jogoo mnono alipuliziwa mbili. Mwadhama Kibindo, mtawala wa nchi, hakumkaribia mtu. Yeye alisimama kule juu kwenye roshani, akainua mikono, akapuliza kuelekea bonde zima kwa jumla.

Majoho hayo yalishonwa na Siwatu, fundi cherehani wa bondeni, mwanamke mcheshi aliyeongea huku pini zimejaa mdomoni wala asichomwe hata na moja. Hakutumia futi. Alipima kwa uzi na kufunga fundo kwa kila kipimo, tena juu ya nguo, kwa maana ngozi ya mtukufu haikuonwa na fundi. Mwanawe wa kwanza alipuliziwa mara tatu, kwa majogoo matatu, na homa ikamchukua vilevile. Alibakiwa na Kibibi, binti wa miaka sita, mwenye mapengo mawili na maswali mia, na sasa mtama ulikuwa umeanza kuchanua. Kila asubuhi Siwatu aliutazama mtama, kisha akamtazama mtoto.

Mwaka huo Bi Marashi, dada yake Mwadhama, alikuwa amenenepa kwa asali ya sikukuu hata mkono wa joho ukakataa kabisa kupita.

"Nipime mwili wenyewe, basi!" alifoka, akafunua bega la kushoto.

Begani palikuwa na kovu dogo la duara, kiasi cha kifungo cha shati. Siwatu alifunga fundo lake, akaendelea kupima. Alasiri ileile akampima mtoto wa Waziri, na kovu lilikuwa palepale. Hapo ndipo alipotangaza kwamba mtindo mpya wa majoho unataka vipimo vya ngozi, na kwa kuwa watukufu waliogopa kupitwa na mtindo kuliko walivyoogopa kuonwa, hadi mwisho wa juma alikuwa ameona mabega thelathini na makovu thelathini. Mwadhama peke yake hakukubali kupimwa. Alituma joho lake la zamani lipimwe badala yake.

Siwatu akaenda kwa Tabibu Mwaruka, mganga mzee wa kasri.

"Lile kovu la watu wa juu ni la nini?"

Tabibu alitazama mlango kwanza. "Ni chanjo, fundi. Unauonyesha mwili ugonjwa ukiwa bado umefungwa kamba, ili siku utakapokuja wenyewe, mwili uutambue na kuufukuza."

"Na damu yao?"

"Nimeichota miaka thelathini. Ni nyekundu."

"Dawa yenyewe ni kidogo?"

"Nyumba ya barafu imejaa mpaka darini. Inayopitwa na wakati ninaimwaga kwenye maua ya Mwadhama."

Siwatu alizitoa pini mdomoni moja moja, maana kilio kilikuwa kinakuja na hakutaka kuzimeza. "Mimi nimezika mtoto, nyinyi mnamwagilia maua?"

"Ufunguo wa nyumba hiyo uko shingoni mwa Mwadhama," Tabibu alisema, kichwa chini. "Anasema bonde likipona, nani atapanda kilima? Nimekuwa mwoga, mama. Watu wakiniuliza hadharani sitasema uongo. Ila hakuna anayeuliza."

"Watauliza vipi kitu wasichokiona?"

Akarudi kwenye cherehani yake. Majoho ya mwaka ule yalikuwa mazuri kupita yote aliyowahi kushona, yenye tarizi za dhahabu na vifungo vya pembe, ila mkono wa kushoto wa kila joho aliushikiza begani kwa bandi tu, ile mishono mirefu mirefu ambayo mtoto huweza kuifumua kwa kidole. Kisha upindo wa mkono huo akaushona na ubavu wa joho kwa uzi wa gunia.

Siku ya sikukuu watukufu walivishwa palepale uwanjani, kama ilivyokuwa desturi. Baragumu likalia. Mikono ikainuka kwa pamoja, na zikasikika bandi zikikatika, prrr, kutoka ncha moja ya uwanja hadi nyingine. Mikono ya watukufu ikapanda mbinguni, mikono ya majoho ikabaki chini ikining'inia. Mabega yote ya kushoto yakawa wazi.

"Mama," Kibibi aliuliza kwa sauti yake yote, "mbona wote wana kifungo begani?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakamgeukia Tabibu, wakamwuliza. Mzee akatimiza ahadi: akaeleza chanjo, nyumba ya barafu, na maua. Minong'ono ikaanza kuwa ngurumo, na Bi Marashi akajificha nyuma ya jogoo.

"Na yule je?" mtu alipaza sauti.

Wote wakatazama roshani. Joho la Mwadhama Kibindo nalo lilikuwa limefumuka, na bega lake lilikuwa laini kama yai, bila alama yoyote.

"Damu yangu mimi ndiyo hasa!" alipiga kelele kwa furaha. "Mnaona? Mimi sikuchanjwa!"

"Unaogopa sindano, Mwadhama," Tabibu alisema kwa upole. "Kila nikija unaingia chini ya kitanda. Homa haikukufikia kwa sababu kila aliyekuzunguka amechanjwa, ikakosa pa kupitia. Miaka yote umelindwa na mabega ya wenzako."

Siwatu akasogea chini ya roshani. "Basi na sisi tuchanjwe, tukuzunguke. Tupo maelfu. Utakuwa salama mno, Mwadhama. Tupa ufunguo tu."

Kibindo alitazama umati ule wote, ambao haukuwa na kovu hata moja, mmoja wao akapiga chafya, na ufunguo ukaanguka.

Ilikuwa sikukuu kweli siku ile. Ngoma zilipigwa, majogoo yakaliwa na wenyewe, na foleni ilizunguka kilima mara mbili. Kibibi alilia sindano ilipoingia, akaacha kulia ilipotoka, na jioni alikuwa amewaonyesha bega lake watu mia. Mtama ukakomaa, ukavunwa, na hakuna mtoto aliyetoka kipele. Siwatu alikaa ukingoni mwa shamba akalia kwa furaha, na kwa ajili ya yule wa kwanza, ambaye hakuiwahi siku hiyo.

Siku ya mwisho ya chanjo, Mwadhama alifika amejitanda shuka, akasimama mlangoni mwa chumba cha sindano, asiingie. Kibibi akamshika kidole.

"Usiogope, babu. Ukichomwa mimi nitakupulizia."

Mlango ukafungwa. Wengine wanasema walisikia yowe, wengine wanasema walisikia dirisha likifunguliwa. Alipoonekana tena alikuwa bado amejitanda shuka lake, na kesho yake ikaja amri kutoka kilimani: joho jipya, mikono mirefu, bega lisionekane, liwe tayari kabla ya sikukuu ijayo.

Siwatu alilishona kwa wakati, likapendeza sana. Kwa bandi.