Dakika Nne za Bi Mdogo

Kituo cha zimamoto kilikuwa na magari mawili, na askari waliyaita kama wake wa mume mmoja. La zamani, lenye boneti ndefu na rangi iliyopauka, lilikuwa Bi Mkubwa. Jipya, lililofika miezi miwili nyuma likiwa na skrini kando ya usukani, lilikuwa Bi Mdogo. Mume mwenyewe alikuwa dereva waliyembandika jina la Taratibu, kwa kuwa katika miaka kumi na tisa ya kukimbilia moto hakuwahi kugonga hata ndoo.

Asubuhi hiyo Taratibu alikuwa amechuchumaa nyuma ya Bi Mdogo, akipangusa mipira ya maji iliyokwisha kauka zamani. Juzi mchana karakana ya magodoro iliungua, na fundi wa magodoro akafia ndani. Tangu hapo watu walimpa Taratibu pole kana kwamba amefiwa yeye. Aliitikia kwamba ameshapoa. Na kweli alikuwa amepoa, kama chai iliyosahauliwa mezani.

Alijua kilichotokea, tena alikijua peke yake. Breki ya mkono ya Bi Mkubwa iliacha kushika miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo kila walipofika kwenye moto, Taratibu aliweka gia huru, akaruka chini, akasukumia gogo nyuma ya tairi, ndipo akawasha pampu. Mkono wake ulishasahau kwamba kuna breki ya kuvuta. Bi Mdogo naye aliundwa asitoe hata tone la maji mpaka breki hiyo ivutwe. Taratibu alifundishwa hivyo, akatia sahihi kwamba ameelewa. Juzi, kwenye moto wa kwanza wa Bi Mdogo, akafika, akaweka gogo, akabonyeza swichi ya pampu. Kimya. Akabonyeza tena. Taa nyekundu ikawaka kwenye skrini, naye akaitazama kama barua ya mtu mwingine. Zilipita dakika nne kabla hajaikumbuka breki. Aliivuta, maji yakatoka, na hakuna aliyemwona.

"Mkeo mdogo ana nuksi, bwana wee," alisema mshika mpira wa kituo, mwanamke mwenye sauti nzito, akipita na ndoo. "Nimesimama pale mlangoni na mpira mkononi kama mtu anayesubiri kinyozi. Maji hakuna!"

"Mm."

"Bi Mkubwa na uzee wake angemwaga saa ile ile. Kipya kinyemi, ingawa kidonda."

Askari wawili waliokuwa wakifagia walicheka. Taratibu akacheka pia, kwa kuwa wakati wa kucheka ulikuwa umefika.

Saa nne aliitwa na mkuu wa kituo. Mkuu huyo alikuwa kaka wa mkewe, na mlango ukishafungwa aliacha kumwita dereva.

"Kaa, shemeji. Umekula?"

"Nimekula." Hakuwa na hakika.

Mkuu alimsogezea karatasi. "Maelezo yako nimeshayaandika, tia sahihi tu. Pampu iligoma, kila mtu kaona. Bi Mdogo ataegeshwa mpaka waliotuuzia walete fundi wao. Wanasema miezi mitatu, labda minne."

"Na moto ukitokea?"

"Atakwenda Bi Mkubwa."

"Tangi lake linavuja. Tukifika ng'ambo ya mji, maji yamebaki nusu."

"Tangi nalijua." Mkuu alivua miwani. "Nakuuliza jambo moja, unijibu kama ndugu. Iligoma au haikugoma?"

Taratibu aliitazama mikono yake. Alitafuta hofu ndani mwake, akatafuta majuto, akakuta patupu kama chumba kilichohamwa. Kilichobaki kilikuwa hesabu tu, naye aliifanya polepole: tangi linalovuja, ng'ambo ya mji, miezi minne.

"Haikugoma. Sikuvuta breki ya mkono."

Mkuu aliivuta ile karatasi na kuirudisha upande wake.

"Uliweka gogo," mkuu alisema.

"Niliweka gogo."

"Lo, shemeji!" Mkuu alijifuta uso kwa viganja. "Daktari kasema moshi ulimmaliza yule fundi kabla hamjafika."

"Labda. Na labda sivyo."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua, sawa. Lakini si lazima uyapigie tarumbeta! Nikiandika hivyo, hutashika usukani tena. Na dada yangu nitamwambia nini?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Mkuu alifungua saraka na kumpa karatasi tupu. Taratibu aliandika kwa herufi kubwa, moja moja, kama alivyojifunza ukubwani. Nilifika. Niliweka gogo. Sikuvuta breki ya mkono. Maji yalichelewa dakika nne. Aliyasoma, akaongeza: Gari ni zima.

Kabla ya adhuhuri Bi Mdogo alirudishwa kazini, na ufunguo akapewa mshika mpira, aliyekuwa na leseni ya magari makubwa. Taratibu alimwonyesha breki mara tatu. Mwanamke hakutania tena. Aliitikia tu, "Ndiyo, kaka," na hilo lilikuwa geni kuliko yote.

Kengele ikalia. Miguu ya Taratibu ilikimbia yenyewe mpaka mlango wa dereva, mkono ukashika kitasa. Mshika mpira alikuwa ameshaketi ndani.

"Kaka," alisema kwa upole. "Tupishe."

Aliwapisha. Alifungua geti, gari likatoka na king'ora chake, akafunga geti. Akaingia chumba cha simu, akampigia mkewe.

"Leo nitarudi mapema," alisema.

"Kwema?"

"Juzi kwenye ule moto," alianza, "sikuvuta breki."

"Breki gani tena? Ngoja," mkewe alisema. "Ngoja niipue sufuria, nikae."

Taratibu alisikia kifuniko kikiwekwa chini, kiti kikivutwa. Alingoja.

"Haya, baba. Anza mwanzo."