Bandurria ya Gaudioso

Uzi wa tatu uligoma. Orosia akaulegeza, akakaza tena kigingi taratibu, sikio ameliegemeza kwenye mbao. Nyuzi za bandurria, ala ndogo ya jamii ya gitaa, hukaa mbilimbili, na pacha mmoja akipishana na mwenzake hata kidogo, zote hulia kama paka waliofungiwa stoo. Miaka ya mwisho, mikono ya mumewe Gaudioso ilipoanza kutetemeka, yeye ndiye aliyekuwa akimkazia nyuzi kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Roko. Gaudioso akijaribu husema, "Imekuwa tamu, mke wangu," kisha hutoka kuwafuata wapigaji wenzake kuzunguka nyumba kwa nyumba, akinukia sabuni.

Tangu azikwe, wapigaji wakifika mlangoni hapo hufunika nyuzi kwa viganja, wakapita kimya. Ndivyo inavyoheshimiwa nyumba yenye msiba. Mwanzoni kimya kile kilimfariji. Sasa kilimtisha: watampita vivyo hivyo mpaka naye abebwe.

Asubuhi hiyo ya sikukuu alimdokeza jirani yake Benita kwamba anatamani kupigiwa muziki tena. Benita akamwonya kuwa kupigiwa ni sawa na kuvua nguo nyeusi za msiba, na kijiji kizima kitasema anatafuta mume.

"Kwa magoti haya?"

"Vipofu wapo, shoga."

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Lakini kumwendea Blas, kiongozi wa wapigaji, na kumwomba, hakuthubutu. Tangu zamani nyumba hupigiwa; haiombi.

Jua lilikuwa bado kali kikundi kilipokata kona. Magitaa yalikuja yakichangamka, na ghafla yakanyamaza. Wamefika ukutani kwake. Vikabaki viatu tu, vikikwaruza mawe.

Orosia alisimama nyuma ya pazia la dirisha, bandurria kifuani, kile kipande cha pembe cha kupigia kikimteleza vidoleni kwa jasho. Hakuwahi kupiga mbele ya watu. Alijua mwanzo tu wa jota, dansi ya kwao aliyoipenda Gaudioso, ule wa kujaribia nyuzi.

Akaupiga.

Viatu vikasimama. Akaupiga tena, akakosea katikati, akaurudia.

"Shangazi Orosia," Blas aliita kwa upole, "ni wewe?"

Orosia akavuta pazia. Walikuwa wote wamemwinulia nyuso, viganja vingali juu ya nyuzi.

"Ninajua mpaka hapo tu," alisema. "Kuanzia hapo Gaudioso alikuwa akitoka nyumbani."

Blas akainua kiganja chake kutoka kwenye nyuzi, kisha aliyesimama kando yake, kisha mwingine.