Kilichotolewa Pajani

Kaltumi alisimama mlangoni mwa wodi, mkono kaunyoosha, akidai apewe kilichotolewa kwenye mguu wa mdogo wake. Muuguzi alidhani ni utani. Hakumjua Kaltumi.

Kamis, mdogo mtu, aliuza matairi mtaani Kamwokya mpaka kidole gumba cha mguu kilipoanza kuwa cheusi. Pale kitandani aliwaza jambo moja tu: mguu wake ubaki. Daktari Masinde alikuwa amemweleza bila kuzunguka kwamba mshipa mkubwa wa paja umezibwa na mafuta yaliyokauka yakawa mawe. Ama upasuliwe ukwanguliwe, ama mguu ukatwe. Wakaupasua. Walichotoa kilikuwa ganda la manjano, gumu, lenye umbo la mshipa wenyewe na matawi yake. Sasa mguu ulikuwa na joto, na daktari akamfundisha Kaltumi pa kuweka vidole mgongoni mwa wayo ili asikie damu ikipiga.

Kwa Wanubi wenzao wa Kyebando, kitu cha mwili hakitupwi, kinazikwa, hata kiwe ukucha. Rafiki yao Nasif alipokatwa mguu mwaka uliopita, jamaa zake walichelewa kuuomba, ukachomwa pamoja na taka za hospitali, na Kaltumi aliwasema mpaka wakamkimbia. Kwa hiyo alipokabidhiwa lile ganda alilifunga kwa kitambaa cheupe, akaondoka kifua mbele.

Kamis aliporudi nyumbani mguu ulianza kuwa mzito. Haukuuma. Ulilemewa tu, kana kwamba umeshindiliwa udongo. Mvua ikinyesha, alihisi tope likimpenya katikati ya vidole, na soksi zake ni kavu. Kisha adhuhuri moja, akiwa anakula, kitu kilimshika kifundo cha mguu. Mkazo wa misuli aliujua. Hivi vilikuwa vidole, na aliweza kuhisi kimoja kimoja. Aliogopa, tena aliogopa vibaya. Daktari alimpima akamwambia mshipa uko wazi, aache wasiwasi.

Ndipo Kamis alipomuuliza dada yake alilizika wapi lile ganda. Kaltumi alizungukazunguka weee, mwisho akasema.

"Siku ile tulikuwa tunazika Nasif. Tulikuficha, usishtuke. Kaburi ilikuwa wazi, nikaona mbona nichimbe ingine? Nikaweka kwa upande ya mguu."

"Mguu gani?"

"Ile hana."

Kamis hakupata hata nafasi ya kumlilia rafiki yake. Walikwenda makaburini saa ileile, jua likiwa kali na wauza mahindi wakipiga kelele zao barabarani. Alitaka wafukue. Kaltumi alikataa katakata. Kaburi la mtu halifunguliwi kwa ajili ya kipande cha mafuta, na watu wangesema nini? Basi Kamis akaegemea fimbo, akavua kiatu, akaukanyaga udongo uliokuwa bado haujakaa sawa.

"Nasif, ndugu yangu," alisema, "rudisha. Mimi bado natembea."

Vile vidole viliachia palepale. Uzito ukaondoka wote, mguu ukawa mwepesi, na Kamis akaketi chini akicheka kwa furaha na machozi yakimtoka. Alimwambia dada yake kumbe Nasif ni muungwana hadi leo, ukimwomba kwa adabu anakusikia.

Kaltumi alipiga magoti, akaweka vidole viwili mgongoni mwa wayo wa Kamis kama alivyofundishwa. Akavisogeza. Akabonyeza tena.

"Inapiga?" Kamis akauliza.

Ubaridi ulikuwa umeshaanza kwenye vidole vya mguu, nao ulikuwa unapanda. Kaltumi aliutazama ule udongo, uso umemshuka, kisha akaulaza mkono wake juu ya kaburi taratibu, akauondoa upesi.

"Iko hapa," alisema. "Inapiga hapa."