Mgeni Namba 37

Mtu aliyenukuliwa mara mia mbili na kumi na mbili, mimi simwamini. Miaka ishirini nimeandika kuhusu udongo wa Lubero, nimenukuliwa mara kumi na moja, na nne kati ya hizo nilijinukuu mwenyewe. Sasa Agar Kahongya, mwalimu wa modeli za kompyuta chuoni kwetu Butembo, analeta dosiye ya kupandishwa cheo yenye makala tano. Nne zimenukuliwa mara mbili tatu. Moja, mia mbili na kumi na mbili! Nikasema moyoni, hapa kuna mchezo.

Mimi ni katibu wa tume ya vyeo. Tume haisomi makala, inahesabu: makala ngapi, nukuu ngapi, muhuri, basi. Kurasa thelathini za Kiingereza, nani ana nafasi? Niliangalia muhtasari tu. Kompyuta imeumba watu bandia elfu ishirini. Wanalima, wanasali, wanazikana, na Ebola ya mwaka 2018 inatembea nao kutoka matanga hadi matanga. Data zimetoka kwenye "mazishi manne katika mji wa kilimo". Mji gani? Hasemi. Marehemu gani? Hasemi. Data za kupika, nikasema, na kwa kanuni zetu anayepika data anafukuzwa.

Nikamwita ofisini alete daftari alizotumia.

"Papa Sadrack, ile hapana bintu ya bureau," alisema, macho mezani. "Batu balilia mule."

"Donc, kumbe unaficha."

"Siko naficha juu yangu."

Kwa ajili ya nani basi? Aliinuka kutaka kwenda, na hilo likanipandisha hasira. Nikampa siku saba, zikipita naandika kwamba data hazipo. Siku ya sita akaniletea jina la shemasi mmoja wa kanisa, Mama Jemima Kavugho, anayezitunza daftari hizo, aliyekimbia vita Mangina na sasa anakaa Beni.

"Lakini uende weye mwenyewe, papa. Hapana kutuma mutu."

Masharti tena! Nikaona wazi kwamba huyo mama amekwisha kufundishwa la kusema. Na jina la Mangina, Ebola ilikoanzia, silipendi. Mke wangu Joyeuse alikufa mwaka ule ule, nyumbani kwetu mtaa wa Vulamba, kwa malaria. Nasema malaria.

Kesho yake asubuhi nilipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Beni. Mama Jemima alikuwa uani, anapukuchua maharagwe. Hakuniuliza jina. Niliposema nimetoka kwa Agar, aliingia ndani akatoka na daftari nne za shule ndani ya mfuko wa plastiki.

Kwetu matanga yana mwandishi wake. Kila anayefika anaandikwa: jina, alikotoka, alicholeta. Siku ya mwisho, vitu vya marehemu vinapogawanywa, anaandikwa pia aliyepewa kitu. Desturi hiyo naijua tangu utoto, lakini sikuwahi kufikiri mtu angeitia kwenye kompyuta. Pembeni ya kila jina Agar alikuwa ameweka namba kwa kalamu ya risasi. Nikatoa makala yake na kulinganisha namba za majedwali moja moja, nikitafuta kosa. Kila kitu kililingana, na hilo likaniudhi zaidi.

Nikafungua daftari ya tatu. Matanga ya Henri Maliro, Mangina, Julai 2018. Henri, rafiki yangu wa shule! Nikashuka kwa kidole hadi chini ya ukurasa.

37. Sadrack Syauswa. Butembo, Vulamba. Ameleta mchele kilo tano. Amepewa blanketi ya marehemu.

Nikarudi kwenye makala, na kwa mara ya kwanza nikaisoma. Mgeni namba 37 alibeba blanketi. Mwanamke wa nyumbani kwake aliifua, akaugua, na majirani wawili wakamfuata. Mia mbili na kumi na mbili waliandika kuhusu mgeni huyo. Wote walimjua, isipokuwa mimi.

Mwaka ule, watu wa riposte, kikosi cha kupambana na Ebola, walipofika mlangoni kwangu kuuliza kama kuna aliyetoka Mangina, nilisema hakuna. Joyeuse alikuwa chumbani, anaungua na homa, ananisikia nikisema hakuna. Niliogopa wangemchukua. Niliona aibu pia, lazima niseme.

"Agar alinikataza kuonyesha mutu ile ukurasa, ila ule yeye mwenyewe anatuma," Mama Jemima alisema, mikono bado kwenye maharagwe. "Alisema mwenye jina iko muzima, na iko na batoto. Alisema afazali yeye bamufukuze ku kazi."

Nikafunga daftari. Yeye akaniangalia sana.

"Na weye, papa, jina yako njo nani?"

Nikamwambia. Aliacha maharagwe, akavuta kiti chake karibu na changu.

Fomu ya tume ina swali moja tu kuhusu data: zimehakikishwa kwa njia gani? Niliandika: "Nimeona daftari. Data ni za kweli. Mgeni namba 37 ni mimi, na mke wangu hakufa kwa malaria."

Kabla ya kuipeleka kwenye tume, niliwaita watoto wangu waketi.