Kidevu cha Verna

Kitu Oleta alichokitazama zaidi, tangu mwaka ule alipoolewa, ni kidevu cha mama mkwe wake, Verna. Kwenye duara la wapigaji wa muziki, kidevu ndicho kinachosema. Aliyeanzisha wimbo akikuinulia kidevu, zamu yako ya kupiga peke yako imefika. Akinyanyua mguu, wimbo unafungwa. Verna, akiwa na gitaa lake kubwa, alimwinulia kila mtu isipokuwa mke wa mwanawe.

Hii ilikuwa safari yao ya tatu kuja kwenye tamasha la muziki wa kantri milimani Virginia, wakikokota trela la kulala kutoka Tennessee. Tangu asubuhi watu walikuwa wakipiga mbele ya matrela, kwenye viti vya kukunja, vikombe vya kahawa miguuni. Oleta alikuwa amemwambia mumewe, Curtis, kwamba asipopata zamu hata moja mwaka huu, mandolini yake, kigitaa kile cha nyuzi nane, haitasafiri tena.

"Mbona umenibana hivyo?" Verna alimwuliza. "Hicho kidude chako kinanipigia kelele sikioni."

"Samahani, mama."

"Sitaki samahani. Sogea."

Akasogea. Curtis aliinamia banjo yake kana kwamba nyuzi zimelegea.

"Mwangalieni anavyoishika," Verna akawaambia majirani. "Utadhani anamenya viazi."

Wakacheka.

Ndipo akapita mzee mgeni, Hobart, na fidla yake, akaomba kiti. Mgeni huachiwa aanzishe wimbo. Akaanzisha mmoja wa kasi, akampa Curtis zamu, akampa Verna. Kisha akamgeukia Oleta, akainua kidevu.

Oleta akaanza kupiga. Hakuwa amefika hata katikati Verna aliponyanyua mguu. Wimbo haukuwa wake, na kila mtu alilijua hilo, lakini walikuwa wameuzoea mguu ule. Wengine wote wakaacha kupiga.

"Mama, wimbo ni wa mgeni," Curtis alisema chinichini.

"Umekwisha. Au hamkuona?"

Oleta alikuwa ameona. Hakuacha. Alipiga bila gitaa la kumbeba, akakosea, akakosea tena, akaendelea mpaka mwisho. Hobart akanyanyua mguu wake taratibu. Hakuna aliyepiga makofi.

"Nani amekufundisha adabu hiyo?" Verna akauliza. "Kwetu mtu hukaribishwa. Hajipachiki."

Oleta aliilaza mandolini kwenye sanduku lake, akafunga vibanio. "Samahani, mama" ilikuwa tayari mdomoni, kama siku zote. Akaimeza.

"Siku Curtis aliponichumbia," alisema, "wewe ulikuwa unapiga kibarazani. Nilikubali kwa sababu ya gitaa lile. Miaka yote hii nasafiri kulifuata. Wewe mwenyewe sijawahi kukupenda."